AFP iko juu, ini likoje?

Ukinitumia picha ya karatasi ya majibu yenye AFP, kipimo kimoja cha damu, swali langu la kwanza halitakuwa namba ni ngapi. Nitakuuliza ini lako likoje. Una homa ya ini B au C? Umewahi kuambiwa ini lina makovu? Umepigwa ultrasaundi karibuni? Na AFP ya mara iliyopita ilikuwa ngapi? Wengi hukasirika kidogo. Wametuma namba wakitaka ndiyo au hapana, nami nawarudishia maswali.

Nafanya kazi maabara, kwa hiyo picha hizi hunifikia kila mara, kutoka kwa ndugu, marafiki, na marafiki wa marafiki. Namba huwa 14, au 27, au 60, na pembeni yake mashine imeweka herufi H, kumaanisha imezidi kiwango cha kawaida. Mtumaji keshapita mtandaoni, keshasoma kwamba AFP ni "kipimo cha saratani ya ini", na usingizi umemruka.

Sikipuuzi kipimo hiki. Kwa mtu ambaye ini lake linajulikana na linafuatiliwa, ni kipimo cha bei nafuu kinachosaidia kweli. Kwa mtu aliyejipitia tu, asiyejua lolote kuhusu ini lake, mara nyingi hakimwambii kitu, na wakati mwingine humsumbua bure. Ni mashine ileile na namba ileile. Kinachobadilisha maana ni mwenye damu.

AFP ni kifupi cha alfa-fetoprotini, protini ya kawaida kabisa ya mtoto aliye tumboni. Huanza kutengenezwa na kifuko cha kiini kinacholisha kiinitete, kisha ini changa hupokea kazi hiyo. Mtoto anapozaliwa, damu yake huwa na makumi ya maelfu ya nanogramu za AFP katika kila mililita. Baada ya hapo ini huacha kuitengeneza kidogo kidogo, na mtoto akifikisha mwaka hivi kiwango kinakuwa kimekaribia cha mtu mzima, ambacho kwa kawaida hakifiki 10. Jeni inayohusika haipotei mwilini. Imenyamazishwa tu, na kuna mambo kadhaa yanayoweza kuiamsha.

Protini hiyo ilionekana kwenye damu ya kijusi mwaka 1956, katika kazi ya Bergstrand na Czar. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake mjini Moscow waliikuta mahali isipotarajiwa: kwenye damu ya panya wazima wenye saratani ya ini. Haukupita muda, Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu wenye ugonjwa huohuo. Hebu fikiria ilivyopokewa. Saratani iliyojificha ndani ya mbavu, ambayo kwa kawaida ilijulikana pale mgonjwa anapokuwa amekonda na tumbo limejaa maji, sasa inaacha alama kwenye tone la damu.

Lakini wagonjwa wa enzi hizo walikuwa na uvimbe mkubwa. Uvimbe mkubwa wa ini mara nyingi hutoa AFP kwa maelfu, na mbele ya namba ya maelfu hakuna anayebishana. Tabu huanza ukitaka kukamata uvimbe wa sentimita mbili, ambao bado unaweza kukatwa au kuchomwa na mgonjwa akapona. Huo mara nyingi hautoi AFP ya kutosha, au hautoi kabisa. Kwa hiyo kipimo hung'ara zaidi pale ambapo mgonjwa hana tena njia nyingi za kutibiwa, na huwa kigugumizi pale ambapo zingekuwepo. Nadhani haya ndiyo malalamiko makubwa kuliko yote dhidi ya AFP, na ni ya haki.

Upande wa pili, wako wanaoipandisha AFP bila kuwa na saratani. Mama mjamzito ni wa kwanza, kwa kuwa protini ya mtoto huvuka na kuingia kwenye damu yake. Hata wakunga na madaktari hukitumia kipimo hicho katikati ya ujauzito kuangalia kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Wapo wanaume wenye uvimbe wa aina fulani za korodani, au yeyote mwenye uvimbe unaotokana na seli za uzazi. Hiyo ni saratani, ndiyo, lakini si ya ini. Na kundi kubwa kuliko yote ni wenye homa ya ini ya muda mrefu. Seli za ini zinaposhambuliwa na kufa, nyingine huzaliwa kuziba pengo, na katika pilikapilika hizo baadhi yake hurudia tabia za utotoni na kutoa AFP. Ini linalojijenga upya na ini lenye saratani yanaweza kuandika namba moja.

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu mjadala huu hubaki maneno matupu. Chukua watu 1,000 wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Tuseme katika mwaka mmoja 20 kati yao huanza saratani ya ini; ni kiasi kisichokuwa mbali na hali halisi kwa wagonjwa wa namna hii. Ukiweka mpaka kwenye nanogramu 20 kwa mililita, AFP hukamata takriban asilimia 60 ya wenye saratani, na huwaacha salama takriban asilimia 90 ya wasio nayo. Asilimia hizi husikika vizuri. Sasa zigeuze ziwe watu. Kati ya 20 wenye saratani, 12 wanaonekana na 8 wanapita bila kuonekana. Kati ya 980 wasio na saratani, 98 wanaambiwa AFP yao iko juu. Jumla ya wenye karatasi ya kutisha ni 110, na wenye saratani kati yao ni 12. Karibu tisa kati ya kila kumi wanaohangaika usiku huo hawana ugonjwa wanaouhofia.

Pandisha mpaka hadi 200, na mambo yanabadilika. Watu wanaotishwa bure wanashuka hadi kumi hivi, lakini wenye saratani wanaokamatwa wanabaki wanne au watano tu kati ya 20. Ukiukaza mpaka unawakosa wagonjwa, ukiulegeza unawatia wazima hofu. Hakuna namba ya katikati inayomaliza ugomvi huo, na watu wametafuta kwa miaka mingi.

Na hesabu hiyo ni ya wenye sirosisi, kundi ambalo saratani ya ini si kitu cha nadra. Mpime mtu mwenye ini zima, asiye na kirusi, asiyekunywa pombe kupita kiasi, asiye na mafuta mengi kwenye ini, na uwezekano kwamba AFP ya 15 inatokana na saratani unakuwa mdogo mno. Ndiyo maana hukunja uso nikiona AFP imetiwa kwenye zile fungasho za "pima saratani zote kwa damu", pamoja na CEA na CA 19-9, alama nyingine mbili za saratani zinazopimwa kwenye damu. CEA na CA 19-9 zina kazi zake: CA 19-9 humsaidia daktari anayefuatilia saratani ya kongosho au ya mirija ya nyongo, ingawa kuna watu, takriban asilimia 5 hadi 10, ambao kwa jinsi walivyozaliwa miili yao haitengenezi kitu hicho kabisa, kwa hiyo kwao kipimo ni bure hata wakiugua. Mirija ya nyongo ikizibwa na kijiwe tu, bila saratani yoyote, CA 19-9 hupanda. Kumpa mtu asiye na dalili karatasi yenye alama tatu za namna hiyo ni kumuuzia wasiwasi au utulivu wa uongo. Sijui kibaya zaidi ni kipi. Nikilazimishwa kuchagua nitasema utulivu wa uongo, kwa sababu mwenye wasiwasi angalau ataenda kwa daktari.

Zamani daktari akiona AFP imevuka 400 kwa mgonjwa mwenye sirosisi na kuna kivimbe kwenye ini, aliweza kuandika saratani na kuendelea. Leo miongozo mikubwa ya magonjwa ya ini haiupi damu mamlaka hayo. Uamuzi umehamia kwenye picha. Saratani ya ini ina tabia ya pekee: seli nzima za ini hupata sehemu kubwa ya damu yao kupitia mshipa utokao kwenye utumbo, ilhali uvimbe wa saratani hunyonya zaidi kutoka kwenye ateri. Kwa hiyo kwenye CT au MRI, dawa ya picha ikishadungwa kwenye mshipa, uvimbe huwaka mapema, wakati damu ya ateri inapofika, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka. Kuwaka kisha kufifia, kwa mtu mwenye sirosisi au homa ya ini B ya muda mrefu, kunatosha kuthibitisha hata bila kuchukua kinyama cha uvimbe. Ni saratani chache sana ambazo daktari huruhusiwa kuzithibitisha kwa picha peke yake. Picha ikiwa haijasema wazi, au ini halina historia ya ugonjwa, kinyama huchukuliwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa darubini.

AFP imebaki na kazi gani basi? Kazi ya kumwambia daktari apige picha. Si kazi ndogo.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyenifundisha namna ya kulieleza hili kwa mtu asiye wa maabara. Ana kirusi cha homa ya ini B, huenda tangu kuzaliwa, na aligundua ukubwani alipotaka kuchangia damu. Jioni moja alinipigia, sauti imekauka.

"Shemeji, niambie ukweli tu. Nina muda gani?"

"Muda wa nini, shemeji?"

"AFP ni 58. Nimesoma."

"Umesoma mstari mmoja. ALT hapo imeandikwaje?"

Kimya. Karatasi ikasikika inageuzwa. ALT ni kimeng'enya kinachovuja seli za ini zinapoumia, na yake ilikuwa imepita kiwango cha juu mara sita hivi. Hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko 58. Ini lilikuwa linaungua, na ini linaloungua hutoa AFP. Haikuwa na maana kwamba hana saratani. Ilikuwa na maana kwamba namba hiyo, siku hiyo, haikuweza kutenganisha mambo mawili. Daktari wake alifanya kilichotakiwa: ultrasaundi, kisha CT yenye dawa kwa kuwa hakutaka kubahatisha, kipimo cha wingi wa kirusi, na tenofovia, dawa ya kuzima kirusi hicho. Picha zikatoka safi. Miezi ikapita, kirusi kikazimwa, ALT ikatulia, na AFP ikashuka: 31, halafu 12, halafu 5. Imekaa hapo.

Siku hizi nikiangalia karatasi zake naona kitu ambacho hapo mwanzo hakikuwepo. Ile 5 imekuwa namba yake yeye. Ikija 16 kesho, wakati kirusi hakionekani na ALT imelala, nitashtuka kuliko nilivyoshtuka kwa 58. Wengine wangeiona 16 na kusema si kitu, haijafika hata 20. Kwa ini lililotulizwa na dawa, AFP inayopanda hatua kwa hatua huwa na sababu chache za kujitetea. Dawa za kuzima kirusi, pamoja na faida zake nyingine zote, zimekisafisha kipimo hiki: kelele zikipungua, sauti iliyobaki husikika. Mwelekeo wa namba tatu au nne za mtu mmoja una thamani kuliko namba moja iliyolinganishwa na mpaka uliowekwa kwa ajili ya watu wote.

Ila mwelekeo huo una masharti, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kwanza, vizio. Maabara nyingine hutoa AFP kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa vizio vya kimataifa. Kizio kimoja cha kimataifa ni takriban nanogramu 1.2. Mtu aliyekuwa na 10 kwenye maabara ya vizio akihamia ya nanogramu atasoma 12 na kudhani imepanda, kumbe haijasogea. Hata vizio vikifanana, mashine za watengenezaji tofauti hutumia kingamwili tofauti na hazikubaliani kikamilifu. Ukiweza, pima mahali palepale kila mara. Na zihifadhi karatasi zako zote, hata zile zilizotoka vizuri. Hizo ndizo zitakazohitajika siku moja.

Pili, kipimo chenyewe kinaweza kudanganywa. Mashine nyingi hukamata AFP katikati ya kingamwili mbili: moja inaishika upande mmoja, nyingine yenye alama inaishika upande wa pili, na mwanga unaotoka ndio unaosomwa. AFP ikiwa nyingi kupindukia, kila kingamwili hupata ya kwake, hakuna inayobanwa katikati, na mashine inasoma namba ndogo kwa mtu mwenye kiwango cha kutisha. Dawa yake ni kuzimua sampuli na kupima tena. Namba ikipanda baada ya kuzimuliwa, umejua. Daktari akitupigia kusema ini lina uvimbe mkubwa ilhali AFP tumeitoa 30, hilo ndilo jambo la kwanza tunaloangalia. Halafu kuna biotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha. Baadhi ya mashine hutumia biotini kuunganisha vipande vya kipimo, na anayemeza dozi kubwa anaweza kupata AFP iliyoshushwa kwa uongo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya biotini na vipimo vya maabara mwaka 2017. Hakuna anayetaja vidonge vya kucha akiulizwa anatumia dawa gani. Sisi nasi mara nyingi hatuulizi.

Tatu, fomu ya kuombea kipimo ina sehemu ya maelezo ya mgonjwa, na mara nyingi huletwa wazi. Ikiandikwa "HBV, yuko kwenye tenofovia, AFP iliyopita 5", majibu ya 16 nitamfuatilia daktari kwa simu. Ikiwa wazi, 16 itatoka kwenye printa kama 16 nyingine yoyote.

Watafiti hawakukaa wakiitazama AFP tu. Kuna AFP-L3, ambayo ni sehemu ya AFP iliyovaa sukari ya aina yake na kwa hiyo hunaswa na protini inayotolewa kwenye adesi. AFP ya ini linalojijenga upya haina sana vazi hilo. Ya saratani inalo zaidi. Mtu mwenye AFP ya 40 ambayo sehemu ya L3 imezidi asilimia 10 huangaliwa kwa jicho jingine. Kuna pia DCP, iliyoelezwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini mwaka 1984, ambayo wengine huiita PIVKA-II. Hii ni protrombini, protini ya kugandisha damu, iliyotoka kiwandani kabla haijakamilika. Ini zima hutumia vitamini K kuikamilisha. Seli za saratani huiacha nusu. Ubora wake ni kwamba haitembei sambamba na AFP: yupo ambaye AFP yake imelala na DCP imepaa, na kinyume chake. DCP iliyo juu pia huendana na uvimbe unaoingia kwenye mishipa ya damu, habari mbaya lakini yenye manufaa kwa anayepanga matibabu. Mtego wake uko wazi. Anayetumia wafarini, dawa inayozuia kazi ya vitamini K, atakuwa na DCP ya juu hata ini likiwa salama, na vivyo hivyo aliyezibwa mirija ya nyongo, kwa kuwa bila nyongo vitamini K hainyonywi vizuri.

Japani huzitumia alama zote tatu pamoja na ultrasaundi kwa wagonjwa walio hatarini. Na mwaka 2014 Philip Johnson na wenzake nchini Uingereza walichapisha hesabu iitwayo GALAD, inayochanganya jinsia, umri, AFP-L3, AFP na DCP kuwa alama moja. Naipenda kwa sababu inakiri jambo ambalo karatasi zetu hulificha: mwanamume wa miaka 65 na mwanamke wa miaka 30 wenye AFP moja hawana hatari moja. GALAD hufanya vizuri kuliko AFP peke yake katika tafiti nyingi, lakini inahitaji vipimo vitatu, na maabara nyingi zina kimoja.

Swali zito zaidi ni kama kupima watu mara kwa mara huokoa maisha. Majaribio mawili ya China hutajwa kila mara. La Qidong, lililochapishwa mwaka 2003, lilihusu wanaume 5,581 wenye homa ya ini B, na kundi moja lilipimwa AFP kila miezi sita. Saratani zilionekana mapema zaidi, lakini vifo havikupungua. La Shanghai, lililotoka mwaka 2004, lilihusu watu 18,816, na waliopimwa walipigwa ultrasaundi pamoja na AFP kila miezi sita. Humo vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa asilimia 37, ingawa waliotimiza ratiba ya vipimo hawakufika asilimia 60. Jaribio la Shanghai limekosolewa kwa namna lilivyoendeshwa na kuchanganuliwa, na ukosoaji una uzito. Hata hivyo, nikiyaweka mawili haya pamoja naona mambo mawili. Damu peke yake haikutosha. Na kugundua mapema hakumfai mtu kama baada ya kugundua hakuna wa kumtibu.

Miongozo nayo imeyumba. Chama cha Marekani cha wataalamu wa ini kiliiondoa AFP kwenye ufuatiliaji mwaka 2010, kikaiacha kwa hiari ya daktari mwaka 2018, na mwaka 2023 kikaipendekeza pamoja na ultrasaundi kila miezi sita. Wa Ulaya wamekuwa wagumu zaidi. Kilichobadilisha upepo Marekani ni pamoja na uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti nyingi za wagonjwa wa sirosisi: ultrasaundi peke yake ilikamata asilimia 45 tu ya saratani zilizo katika hatua ya mwanzo, na ikiongezwa AFP ikafika asilimia 63. Gharama yake ni watu zaidi wanaoitwa kwa CT bila kuwa na kitu. Mimi nasimama na wanaoiongeza. Ultrasaundi inategemea jicho na mkono wa anayepiga, na kwa mgonjwa mnene mwenye ini la mafuta picha hutoka na ukungu; wagonjwa wa aina hiyo wanaongezeka. Uvimbe uliojificha nyuma ya ukungu huo unaweza kuwa unatoa AFP.

Miezi sita yenyewe haikuokotwa hewani. Uvimbe wa ini kwa wastani huchukua miezi kadhaa kuongezeka maradufu, nne hadi sita kwa makadirio ya kawaida, kwa hiyo muda huo huacha nafasi ya kuukuta ukiwa bado mdogo.

Baada ya saratani kuthibitishwa, AFP hupata heshima inayoikosa mwanzoni. Nusu ya iliyomo kwenye damu huondoka kwa siku tano hadi saba, kwa hiyo uvimbe ukikatwa wote namba huporomoka ndani ya wiki chache. Ikisimama katikati, kuna kilichobaki. Marekani, mgonjwa mwenye AFP iliyozidi 1,000 hapewi kipaumbele cha kupandikizwa ini mpaka matibabu yaishushe chini ya 500, kwa kuwa uvimbe wa namna hiyo hurudi hata kwenye ini jipya. Na kuna dawa, ramusirumabu, iliyoshindwa ilipojaribiwa kwa wagonjwa wote, kisha katika jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2019 ikarefusha maisha ya wenye AFP ya 400 na kuendelea. Ila ukumbuke kwamba kuna wagonjwa ambao saratani yao haitoi AFP tangu mwanzo hadi mwisho, wakiwemo wengi wa aina iitwayo fibrolamela, inayowapata vijana wenye ini lisilo na makovu. Kuwafuatilia hao kwa AFP ni kupoteza damu.

Sasa rudi kwa mtu asiye na ugonjwa wowote anaoujua, anayeniuliza kama apime AFP "kwa usalama". Jibu langu ni kwamba kuna vipimo viwili vya damu vya kutangulia: HBsAg, kinachoonyesha homa ya ini B, na kingamwili za homa ya ini C. Hivyo haviulizi kama saratani imeingia, vinauliza kama mlango uko wazi. Asiye na B huchanjwa. Mwenye B huangaliwa kama anahitaji dawa, na huwekwa kwenye ufuatiliaji kulingana na umri, hali ya ini na historia ya familia, maana B inaweza kuleta saratani hata pasipo sirosisi. Kipimo cha C kikionyesha kingamwili, hutafutwa kirusi chenyewe, kwa sababu kingamwili hubaki hata kwa aliyekwisha kupona. Kirusi kikiwepo, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya watu. Aliyeponywa C wakati ini limeshafika kwenye sirosisi anaendelea na ultrasaundi na AFP kila miezi sita, na kwake, kirusi kikiwa kimeondoka na ALT imetulia, AFP husomeka vizuri kuliko ilivyowahi kusomeka alipokuwa mgonjwa.